Kukagua uthibitisho hatua kwa hatua, kwa mkono na kwa kompyuta

Chukua ramani ya Afrika na penseli za rangi. Sharti ni moja: nchi mbili zinazopakana zisipakwe rangi moja. Anzia Malawi. Majirani zake ni watatu, yaani Tanzania, Zambia na Msumbiji, nao wanapakana wao kwa wao: Tanzania na Zambia pale Tunduma, Tanzania na Msumbiji kwenye mto Ruvuma, Zambia na Msumbiji upande wa Tete. Kila moja ya nchi hizi nne inazigusa nyingine tatu zote. Kwa hiyo rangi tatu hazitoshi, lazima ziwe nne.

Sasa panda hadi Uganda. Majirani zake ni watano: Kenya, Sudan Kusini, Kongo, Rwanda na Tanzania, nao wameizunguka kama duara, kila mmoja akimgusa anayemfuata. (Kongo na Tanzania zinapakana pia ndani ya Ziwa Tanganyika, lakini mpaka huo hatuuhitaji, tuuache.) Je, duara hilo laweza kupakwa rangi mbili tu? Rangi mbili lazima zipokezane: Kenya nyekundu, Sudan Kusini bluu, Kongo nyekundu, Rwanda bluu, Tanzania nyekundu. Tanzania inaigusa Kenya, na zote mbili ni nyekundu. Ukianza na bluu mambo ni yale yale, kwa sababu tano ni namba witiri, na kupokezana rangi mbili kwenye duara kunakubali namba shufwa tu. Duara linahitaji rangi tatu. Uganda inazigusa nchi zote za duara, basi inadai rangi ya nne.

Hicho ulichokifanya kinaitwa uthibitisho. Nchi sita zinaweza kupakwa rangi tatu kwa njia 729, nawe hukujaribu hata kumi, lakini una hakika kwamba hakuna njia hata moja itakayofaa. Hukuhitaji kuniamini mimi wala kuuliza nimesomea wapi. Ramani unayo, na kila hatua umeiona mwenyewe. Makala haya yanaeleza namna ya kukagua hoja za aina hii zinapokuwa ndefu kuliko aya moja, sheria zinazotumika, na jinsi ya kuifanya kompyuta ikusaidie kazi hiyo bila kulipa chochote.

Kosa lililokaa miaka 11

Swali la kinyume ndilo lililoleta kazi kubwa: je, ipo ramani yoyote inayohitaji rangi ya tano? Aliyeliuliza kwanza ni kijana aliyeitwa Francis Guthrie, mwaka 1852, akipaka rangi kaunti za Uingereza. Ndugu yake Frederick alilifikisha kwa mwalimu wake Augustus De Morgan wa University College London. Guthrie mwenyewe alihamia Afrika Kusini mwaka 1861, akafundisha hisabati Graaff-Reinet na baadaye Cape Town, ambako anakumbukwa pia kwa kazi yake ya kuchunguza mimea.

Mwaka 1879 Alfred Kempe, mwanasheria wa London aliyependa sana hisabati, alichapisha uthibitisho kwamba rangi nne zinatosha ramani yoyote. Wataalamu waliusoma, wakaukubali, na Kempe akaingizwa katika Royal Society. Mwaka 1890 Percy Heawood akaonyesha ramani moja ambayo hatua mojawapo ya Kempe inaanguka. Katika hatua hiyo Kempe alibadilishana rangi mahali pawili kwa pamoja, akichukulia kwamba badiliko la kwanza haliwezi kulivuruga la pili. Linaweza. Heawood aliokoa alichoweza, yaani kwamba rangi tano zinatosha, na la rangi nne likarudi kuwa swali.

Wasomaji wa Kempe hawakuwa wavivu wala wajinga. Msomaji hodari husoma kwa kutafuta maana, na anapokuta pengo hulijaza mwenyewe bila kujua. Kadiri maandishi yanavyotiririka vizuri ndivyo pengo linavyopita kwa urahisi. Ndiyo maana nashikilia kwamba ustadi wa kukagua uthibitisho ni tofauti na ustadi wa kuuelewa, na unafaa kufundishwa peke yake, hata shuleni.

Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois waliligawa tatizo katika mipangilio 1,936 na kuipa kompyuta kazi iliyochukua zaidi ya saa 1,000. Jibu: rangi nne zinatosha. Ndipo yakazuka mashaka mapya. Hakuna binadamu anayeweza kusoma kazi hiyo yote, na programu ya kompyuta nayo inaweza kuwa na kosa. Mashaka hayo yaliendelea hadi mwaka 2005, Georges Gonthier, akisaidiana na Benjamin Werner, alipomaliza kuuandika uthibitisho wote, pamoja na programu zake, katika lugha ya Coq iliyotengenezwa Ufaransa (siku hizi inaitwa Rocq). Katika lugha hiyo hakuna hatua inayopita bila kutaja sheria inayoiruhusu. Kutoka kwa Guthrie hadi hapo ni miaka 153.

Hatua halali na hatua isiyo halali

Mantiki huanza na kauli, yaani sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo. Tuziite P na Q. Kauli ya umbo la "kama P basi Q" ndiyo inayobeba hoja nyingi za maisha na za hisabati, na ndiyo inayowapotosha watu wengi. Angalia hii:

Kama mtu ana malaria, basi ana homa. Juma ana homa. Kwa hiyo Juma ana malaria.

Kwa hoja hii watu wananunua dawa mseto dukani bila kupima. Ukitaka kujua kama hatua ni halali, badilisha maneno na uache umbo lilivyo. Kama mtu amezaliwa Mombasa, basi amezaliwa Kenya. Juma amezaliwa Kenya. Kwa hiyo Juma amezaliwa Mombasa. Mtu aliyezaliwa Kisumu ataicheka. Umbo ni lile lile, kwa hiyo likianguka hapa halifai popote, hata pale ambapo hitimisho kwa bahati ni kweli. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2010 linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya dawa, na kimantiki ushauri huo unaziba pengo hilihili: homa peke yake hairudi nyuma hadi kwenye malaria.

Mfano huo una kasoro ya pili pia. Kauli ya kwanza yenyewe haiko sawa, kwa kuwa wako watu waliozoea vimelea, hasa watu wazima wa maeneo yenye malaria nyingi, wanaovibeba bila homa. Basi mkaguzi ana maswali mawili, na asiyachanganye. La kwanza: je, hatua hii inaruhusiwa? La pili: je, kauli tulizoanzia ni kweli? Mantiki inajibu la kwanza tu. La pili linajibiwa na maabara, ramani, kipimo au shahidi.

Hatua mbili zilizo halali ni hizi. Ukiwa na "kama P basi Q", na ukiwa na P, una ruhusa ya kuandika Q. Ukiwa na "kama P basi Q", na ukajua Q si kweli, una ruhusa ya kuandika kwamba P si kweli. Jaribu zote mbili kwa Mombasa na Kenya uone zinavyosimama.

Aliyezipanga hatua kama hizi zikawa mfumo unaofanana na jinsi mtu anavyofikiri kweli ni Mjerumani Gerhard Gentzen, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1935 alipokuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu huko Göttingen. Wazo lake ni kwamba kila neno la mantiki lipewe sheria za namna mbili: namna ya kuliingiza katika hoja, na namna ya kulitumia likishaingia.

Chukua neno "na". Ukiwa na P na pia ukiwa na Q, unaruhusiwa kuandika "P na Q". Ukiwa na "P na Q", unaruhusiwa kuchukua P peke yake, au Q peke yake. Neno "au" linaingia kirahisi: ukiwa na P tu, "P au Q" inafuata. Kulitumia ndiko kugumu. Ukiambiwa "P au Q" na unataka kufika R, lazima uonyeshe kwamba P inaleta R, kisha uonyeshe kwamba Q nayo inaleta R. Ukishughulikia upande mmoja tu, hujafika. Nimeona hoja nyingi, za wanafunzi na za viongozi vilevile, zikianguka hapa: upande wa pili wa "au" unasahauliwa kimyakimya.

Neno "kama... basi" ndilo tamu zaidi. Kuithibitisha "kama P basi Q", unaikopa P kwa muda, unatembea nayo hadi Q, kisha unairudisha. Ukishairudisha huruhusiwi kuigusa tena. Tuone kazi yake. Tumepewa "kama P basi Q" na "kama Q basi R". Tunataka "kama P basi R". Tunakopa P. Kwa P na kauli ya kwanza tunapata Q. Kwa Q na kauli ya pili tunapata R. Tumefika R tukiwa na P ya kukopa, kwa hiyo tunairudisha P na kuandika "kama P basi R". Hatua nne, kila moja ina sheria yake, na hakuna inayohitaji kipaji. Unapokagua uthibitisho wa mtu mwingine, weka alama pembeni ya kila kauli iliyokopwa, na nyingine pale iliporudishwa. Alama isiyo na mwenzake ni deni ambalo halijalipwa.

Gentzen aligundua jambo zito zaidi. Katika hisabati tunapenda kupita njia ya kuzunguka: kwanza tunathibitisha kauli ya kando, kisha tunaitumia kufikia tunayoitaka. Alionyesha kwamba, ndani ya mantiki tupu, mzunguko wowote wa namna hiyo unaweza kunyooshwa hadi ukabaki uthibitisho ambao kila kipande chake kimetoka ndani ya kauli inayothibitishwa. Uthibitisho ulionyooshwa unaweza kuwa mrefu kupita kiasi, lakini upo. Na kwa kuwa mgongano, yaani uongo mtupu, hauna vipande ndani yake vya kujengea uthibitisho, hakuna njia ya kuufikia. Hivyo ndivyo tunavyojua kwamba sheria hizi haziwezi kutuangusha zenyewe kwa zenyewe. Kwangu hili ni miongoni mwa matokeo mazuri kabisa ya karne ya 20, na ni jambo la kusikitisha kwamba halijulikani nje ya idara chache za vyuo vikuu.

Uthibitisho ni programu

Wamarekani wawili, Haskell Curry kuanzia miaka ya 1930 na William Howard katika maandishi ya mwaka 1969, waliona kwamba sheria za Gentzen na sheria za kuandika programu ni kitu kimoja. Uthibitisho wa "P na Q" ni jozi: ushahidi wa P umewekwa pamoja na ushahidi wa Q. Uthibitisho wa "kama P basi Q" ni programu inayopokea ushahidi wowote wa P na kutoa ushahidi wa Q. Ile P ya kukopa ndiyo data inayoingia. Kuunganisha "kama P basi Q" na "kama Q basi R", kama tulivyofanya, ni kuchukua matokeo ya programu moja na kuyaingiza katika nyingine.

Faida yake kwa mkaguzi ni kubwa. Kompyuta tangu zamani zinajua kukagua kama programu inapokea data ya aina inayotakiwa na kutoa ya aina iliyoahidiwa. Ikiwa kauli ni aina na uthibitisho ni programu, basi kukagua uthibitisho ni kazi hiyo hiyo. Mholanzi Nicolaas de Bruijn alianza kuitumia njia iliyo karibu na hiyo kule Eindhoven mwaka 1967 katika mradi wa Automath, na Robin Milner akafuata na mfumo wake wa LCF, Stanford kisha Edinburgh, miaka ya 1970.

Swali linalokuja lenyewe ni hili: tutaiaminije programu inayokagua? Jibu la de Bruijn na Milner ni kuifanya sehemu inayotoa hukumu iwe ndogo sana, kiasi kwamba watu wanaweza kuisoma yote. Sehemu hiyo huitwa kiini. Programu nyingine kubwa, za werevu wa kila namna, zinaweza kutafuta uthibitisho kwa mbinu zozote zile, lakini mwisho lazima zilete hatua zao mbele ya kiini. Ni kama sokoni: muuzaji aseme atakavyo kuhusu mchele wake, kilo zinatajwa na mizani. Tena mtu mwingine anaweza kuandika kiini chake mwenyewe, kwa lugha nyingine, na kukagua uthibitisho uleule upya.

Umuhimu wa haya si wa wanahisabati peke yao. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati huko Lynchburg, Virginia, aligundua kwamba prosesa ya Pentium ya kampuni ya Intel inakosea katika baadhi ya hesabu za kugawanya. Jedwali lililojengwa ndani yake lilikuwa na nafasi tano ambazo hazikujazwa. Majaribio ya kiwandani hayakuliona kosa, kwa kuwa namba zinazoligusa ni chache mno kati ya zote zinazowezekana. Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya kubadilisha prosesa hizo, na baada ya hapo ikaongeza nguvu katika kuthibitisha sakiti za hesabu kwa mantiki. Jijini Paris, treni zisizo na dereva za njia ya 14 ya metro, iliyofunguliwa mwaka 1998, zinaongozwa na programu ambayo sehemu zake za usalama zilithibitishwa kihisabati kwa mbinu iitwayo B, iliyobuniwa na Jean-Raymond Abrial. Kompaila ya CompCert ya Xavier Leroy, inayotafsiri lugha ya C, ina uthibitisho ulioandikwa kwa Coq. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipozirushia kompaila mbalimbali programu za kubahatisha, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2011, walipata makosa katika kila kompaila waliyoipima, lakini ile sehemu ya CompCert iliyothibitishwa haikuonyesha kosa la kutafsiri vibaya.

Upande wa hisabati yenyewe, Thomas Hales alikamilisha mwaka 1998 uthibitisho kuhusu njia bora ya kupanga mipira angani, swali lililoachwa na Johannes Kepler mwaka 1611. Wakaguzi 12 waliufanyia kazi kwa miaka, kisha wakasema wana uhakika wa asilimia 99 na hawawezi kuimaliza ile moja. Hales hakuridhika. Aliongoza mradi wa kuuandika wote kwa ajili ya mashine, na ukamalizika Agosti 2014.

Anza leo

Unahitaji kompyuta ya kawaida na intaneti. Mfumo ninaoupendekeza kwa anayeanza ni Lean, ulioanzishwa na Leonardo de Moura mwaka 2013 alipokuwa Microsoft Research. Ni wa bure, unaweza kuutumia ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu, na una maktaba iitwayo Mathlib yenye zaidi ya mistari milioni 1 ya hisabati iliyokwisha kukaguliwa. Ukiusakinisha, tumia kihariri cha VS Code pamoja na kiongezi chake cha Lean, kwa sababu ukiandika \and chenyewe kinakupa alama ya ∧, ambayo ni "na". Andika mstari huu:

theorem geuza (P Q : Prop) (h : P ∧ Q) : Q ∧ P := ⟨h.right, h.left⟩

Neno la kwanza linatangaza kwamba unakuja na kauli ya kuthibitishwa. "geuza" ni jina nililochagua mimi, weka lako ukitaka. Kisha tunasema P na Q ni kauli zozote, na h ni ushahidi wa "P na Q". Baada ya nukta mbili iliyo nje ya mabano ndipo inapoandikwa kauli tunayoahidi: "Q na P". Na baada ya alama ya := unakuja uthibitisho wenyewe, yaani jozi, ikianza na nusu ya kulia ya h, kisha nusu ya kushoto. Ni zile sheria mbili za "na", hakuna kingine.

Mashine ikinyamaza, imekubali. Sasa iharibu kwa makusudi: andika h.left kwanza, kisha h.right. Wino mwekundu utatokea na utaambiwa ulileta ushahidi wa P mahali palipotakiwa Q. Zoea kuharibu. Anayejua tu namna uthibitisho unavyokubaliwa, bila kujua namna unavyokataliwa, bado hajaujua mfumo.

Kisha jaribu ile hoja ya homa, kwa alama tupu:

theorem homa (P Q : Prop) (h : P → Q) (q : Q) : P := sorry

Mshale ni "kama... basi". Tazama kilichotokea: mashine haikukataa. Imeweka onyo tu, kwa sababu neno sorry katika Lean ni ruhusa ya kuacha pengo utakalolijaza baadaye, na pengo hili halijaziki kamwe. Kwa hiyo ukionyeshwa faili na kuambiwa limekubaliwa na Lean, kabla ya kupongeza andika chini yake #print axioms, ukifuatisha jina la kauli. Utapewa orodha ya mambo yote yaliyokubaliwa bila uthibitisho. Ukiona sorryAx katika orodha hiyo, ndani yake kuna pengo, hata kama limefichwa katika kauli ya kando iliyo mbali.

Baada ya hapo nenda kwenye mchezo wa kujenga namba asilia, uliotengenezwa na Kevin Buzzard na Mohammad Pedramfar wa Imperial College London. Unaanza ukiwa na sifuri na wazo la "namba inayofuata", kisha unathibitisha mwenyewe kwamba a + b ni sawa na b + a, ngazi baada ya ngazi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuumaliza akiwa na subira. Ugumu wa kweli ni kwamba maelekezo yako kwa Kiingereza. Walimu wawili watatu wakikaa pamoja na darasa, wakasoma kwa sauti na kueleza kila sheria kwa Kiswahili kama tulivyofanya hapo juu, kazi inakwenda.

Pale mashine inapokomea

Mwaka 1931 Kurt Gödel alionyesha kwamba mfumo wowote wa sheria usio na mgongano, wenye nguvu ya kutosha kushika hesabu za namba asilia, na ambao sheria zake zinaweza kuorodheshwa na mashine, utaacha kauli za kweli ambazo hauwezi kuzithibitisha. Mwaka 1936 Alonzo Church na Alan Turing, kila mmoja kwa njia yake, wakaongeza kwamba hakuna programu itakayopokea kauli yoyote na kila mara kujibu kwa usahihi kama ina uthibitisho au haina. Haya hayaharibu kazi ya kukagua. Kukagua uthibitisho ulioletwa kunawezekana siku zote. Kuutafuta ndiko kusiko na njia moja ya uhakika.

Hatari iliyo karibu zaidi nasi ni nyingine: kuthibitisha kauli isiyo sahihi. Tuseme shule imeagiza programu ya kupanga majina ya wanafunzi kwa alfabeti, na mwandishi wake anathibitisha kwa mashine kwamba "orodha inayotoka imepangwa kwa alfabeti". Programu inayofuta majina yote na kurudisha orodha tupu inatimiza kauli hiyo kikamilifu. Orodha tupu imepangwa, hakuna jina lililo nje ya zamu yake. Kiini kitakubali, na kitakuwa sahihi. Kilichokosekana ni sharti la pili, kwamba kila jina lililoingia litoke, mara zilezile. Sharti hilo linaandikwa na mtu anayejua shule inataka nini, na hakuna mashine itakayoligundua kwa niaba yake.

Jambo hili limekuwa la haraka sasa, kwa vile programu za akili bandia zinatoa kurasa nzima za hisabati zinazosomeka vizuri kama maandishi ya Kempe. Julai 2024 Google DeepMind ilitangaza kwamba mifumo yake miwili ilitatua maswali manne kati ya sita ya mashindano ya kimataifa ya hisabati ya wanafunzi, ikipata alama 28 kati ya 42, kiwango cha medali ya fedha. Mfumo mmojawapo, AlphaProof, uliandika majibu yake kwa Lean, kwa hiyo hatua zake zilipita mbele ya kiini. Lakini maswali yenyewe yalitafsiriwa kuwa Lean na watu, kwa mkono, na tafsiri hiyo kiini hakiikagui.

Basi ukipewa uthibitisho ulioandikwa na akili bandia, omba uandikwe kwa Lean, uuendeshe kwenye kompyuta yako, uulize #print axioms. Mashine ikishakubali, weka hatua zote pembeni na usome sehemu iliyo kabla ya := peke yake, neno kwa neno, ukiwa na swali la awali mkononi. Angalia kama "namba yoyote" ya swali imebaki "namba yoyote", kama sifuri imeingizwa au imetolewa, na kama kuna sharti ndani ya mabano ambalo aliyeuliza hakulitaja.